Arvandor iko wapi? Malimwengu ya Dungeons & Dragons yameunganaje hasa

#1 Mlinzi wa Lango

Salaam wanajukwaa.

Ninaendesha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kwa kikundi kinachocheza katika dunia ya Forgotten Realms kwa kanuni za toleo la tano, na kuna swali ambalo limenikaa kooni. Mchezaji wangu mmoja ana mhusika ambaye ni mchawi wa kielfi, aliyezaliwa na kufundishwa kabla ya Tauni ya Uchawi ya mwaka 1385 wa kalenda ya huko, na bado yu hai katika miaka ya 1490 tunamochezea sisi. Katika uhai wake huo mmoja, vitabu vya mchezo vimemchorea ulimwengu wake kwa namna tatu tofauti. Alipokuwa mwanafunzi, Arvandor, makao ya Corellon na miungu ya kielfi, ilikuwa tabaka la kwanza la Arborea, kwenye ukingo wa Gurudumu Kuu, yaani mpangilio wa malimwengu kwa umbo la duara. Kitabu cha mwaka 2001 kikaifanya Arvandor kuwa ulimwengu unaojitegemea, ulioshikwa na tawi la Mti wa Dunia. Mwaka 2008, katika mpangilio uitwao Mhimili, ikawa himaya inayoelea katika Bahari ya Astral, juu ya dunia. Kufikia 2014 imerudi Arborea.

Sasa mhusika huyu anataka kwenda Arvandor kumtafuta mwalimu wake aliyefariki, na mchezaji ananiuliza swali la haki kabisa: alikwisha kufika huko ujanani, je, njia aliyopita bado ipo?

Msimamo wangu ni kwamba Gurudumu Kuu ndilo umbo la kweli, kwa kuwa ndilo la kale zaidi na ndilo lililoelezwa kwa kina kuliko mengine, na kwamba Mti na Mhimili ni makosa ya waandishi waliokuja baadaye. Anayepinga anipinge kwa hoja.

#2 Kete Ishirini

Ndugu, ukale hauthibitishi ukweli, na hata huo ukale wenyewe una walakini. Kanuni za kwanza za mwaka 1974, za Gary Gygax na Dave Arneson, hazikuwa na gurudumu lolote. Mpangilio wa malimwengu aliutoa Gygax mwezi Julai 1977 katika toleo namba 8 la jarida la The Dragon, kisha ukaingizwa kama kiambatisho cha Player's Handbook ya 1978. Orodha ile ya malimwengu ya nje ilikuwa na majina kumi na sita yaliyochotwa kutoka dini na hadithi za watu wa dunia hii yetu: Mbingu Saba, Nirvana, Olympus, Gladsheim, Hades, Gehenna na mengineyo. Ulimwengu wa kumi na saba, ule wa katikati, uliongezwa mwaka 1980.

Jeff Grubb ndiye aliyeyajaza malimwengu hayo milima, mito na hali ya hewa katika Manual of the Planes ya 1987. David Cook, kupitia Planescape, seti ya vitabu vya malimwengu ya 1994, akayafanya mahali ambapo mhusika anaweza kupanga chumba na kununua mkate, na ndipo Nirvana ikawa Mechanus, Gladsheim ikawa Ysgard, na Olympus ikawa Arborea. Kwa hiyo jengo unalolitetea lilijengwa kwa miaka 17 na mafundi watatu tofauti, na kila mmoja alibomoa ukuta fulani wa mwenzake.

#3 Fundi Ramani

Asante kwa uzi huu. Naomba tuache majina kwanza, tutazame umbo.

Kanuni za wakati ule zilimpima kila kiumbe kwa mistari miwili: wema dhidi ya uovu, na utaratibu dhidi ya vurugu. Mistari hiyo inazaa misimamo tisa, yaani minane pembezoni na mmoja katikati. Mpe kila msimamo wa pembezoni ulimwengu wake, kisha baina ya kila majirani wawili weka ulimwengu mmoja wa mpakani, nawe utapata kumi na sita kwenye mzingo na mmoja kitovuni. Hiyo ndiyo sababu Bytopia imekaa kati ya Mlima Celestia na Elysium, Acheron ikawekwa kati ya Mechanus na Jehanamu Tisa, na Gehenna kati ya Jehanamu Tisa na Nyika ya Kijivu. Hakuna msafiri aliyepima umbali huo. Ni jedwali la maadili lililokunjwa likawa duara.

Sasa tazameni miaka. Toleo la nne la 2008 lilipunguza misimamo ya maadili kutoka tisa hadi mitano, na mwaka huohuo Gurudumu likavunjwa. Toleo la tano la 2014 likarudisha misimamo tisa, na Gurudumu likarudi. Mimi sioni hapo sadfa. Mwanzisha uzi anauliza mahali Arvandor ilipo, ilhali ramani yenyewe haikuchorwa ili kujibu swali la mahali.

#4 Binti Shangani

Nakubaliana na nusu ya hoja ya Fundi. Nusu nyingine imo katika Dungeon Master's Guide ya 2014, sura ya pili, ambako waandishi wanataja mambo machache ambayo kila mpangilio wa malimwengu unapaswa kuyatimiza: mashetani wapate kwao, viumbe wa mbinguni wapate kwao, viumbe wa moto, maji, hewa na ardhi wapate kwao, miungu iwe na makao, roho za wafu ziwe na pa kwenda, pawepo na njia ya kutoka ulimwengu mmoja kwenda mwingine, na uchawi unaotegemea Astral na Ethereal, malimwengu mawili ya kupitia, uendelee kufanya kazi. Baada ya hapo kitabu kinamwekea mwendesha mchezo mipangilio kadhaa mezani, Gurudumu, Mti na Mhimili ikiwemo, bila kumlazimisha mmoja.

Maana yake ni kwamba tunachokiita ramani ni dhana za wasomi wa ndani ya mchezo. Chukueni uchawi wa kuhama ulimwengu, ule wa ngazi ya 7. Kinachohitajika ni fimbo ya chuma yenye panda, ya thamani isiyopungua vipande 250 vya dhahabu, iliyolinganishwa na ulimwengu unaokwenda. Mchawi haulizwi kama anakwenda juu, chini, ukingoni au tawini. Fimbo ya Arvandor itamfikisha Arvandor, awe ameamini Mti au Gurudumu. Yule elfi wako, ndugu Mlinzi, aitafute fimbo yake ya zamani sandukuni.

#5 Ngoma ya Mifupa

Mnaikimbia hadithi mapema mno. Ndani ya hadithi yenyewe sababu ipo. Tauni ya Uchawi ya 1385 ilitokana na kuuawa kwa Mystra, mungu wa uchawi, na kifo hicho kilitikisa mpangilio mzima wa malimwengu. Malimwengu yaliporomoka, mengine yakaungana, na yaliyobaki yakatulia katika umbo jipya la Mhimili: Bahari ya Astral juu, Vurugu ya Asili chini, dunia katikati, na pembeni mwa dunia Feywild na Shadowfell kama taswira zake mbili. Baadaye miungu ikayapanga mambo upya, na Gurudumu likarejea. Elfi aliyeishi muda wote huo aliyaona yote, na yote yalikuwa kweli kwa wakati wake.

Wanaokumbuka zaidi watamkumbuka pia Vecna, mchawi mfu aliyegeuka mungu. Moduli (hadithi iliyo tayari kuchezwa) ya mwaka 2000 ilimwingiza ndani ya Sigil, mji ulio katikati ya malimwengu, mahali ambapo mungu haruhusiwi kukanyaga, na kutolewa kwake kukatikisa malimwengu wakati toleo la pili linakabidhi kijiti kwa la tatu.

#6 Kete Ishirini

Mkuu Ngoma, hoja yako inaeleza mwaka 2008 peke yake. Kitabu cha Forgotten Realms cha 2001 kilipoleta Mti wa Dunia hakikusema kuwa kuna maafa yaliyoubadilisha ulimwengu. Kiliueleza Mti kana kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa tangu mwanzo, na wasomaji walioijua Arvandor ya Arborea wakaachwa wajiulize wenyewe. Tauni ya Uchawi haiwezi kuwa sababu ya jambo lililoandikwa miaka saba kabla yake, tena kuhusu wakati ulioitangulia hata ndani ya hadithi.

Naye Vecna alilitikisa Gurudumu ambalo Manual of the Planes ya 2001 ililibakiza kama mpangilio wa kawaida. Sasa kama lilitikisika likabaki Gurudumu, Mti wa Forgotten Realms ulitoka wapi?

#7 Kijana wa Sigil

Hodi. Mimi niliingia katika mambo haya kupitia mchezo wa kompyuta wa 1999, Planescape: Torment, na nadhani jibu limekuwa mbele yetu muda wote. Katika malimwengu ya nje, imani ndiyo inayoamua mahali. Si lugha ya mafumbo hiyo, bali ni kanuni ya huko.

Katikati ya Gurudumu kuna Outlands, na kuizunguka kuna miji kumi na sita ya malango, kila mmoja ukiuelekea ulimwengu wake: Automata na Mechanus, Xaos na Limbo, Ribcage na Jehanamu Tisa, Excelsior na Celestia. Wakazi wa mji wakianza kufanana mno na ulimwengu wa upande wa pili wa lango, mji wote huteleza na kuvuka. Katika mchezo huo mji wa Curst, ambao watu wake wameshiba usaliti, unatelezea Carceri ukiwa na nyumba zake, mitaa yake na watu wake, na mchezaji anaurudisha kwa kubadili mienendo ya wakazi mmoja baada ya mwingine. Nilipofika sehemu ile sikuiona kama kazi ya kuokoa mji tu. Nilielewa kwamba katika ulimwengu huu umbali unapimwa kwa tabia.

Mfano mkubwa zaidi ni Arcadia. Ilikuwa na matabaka matatu. Kundi la Harmonium, katika shauku yao ya kuulazimisha utaratibu kwa nguvu, waliendesha huko kambi za kuwanyoosha watu, na ukatili ule ukaupunguza wema wa mahali penyewe, hata tabaka la tatu, Nemausus, likamegeka na kuangukia Mechanus. Tabaka zima! Basi kama waumini wanaweza kulihamisha tabaka, nini kinawazuia watu wa Faerûn, bara la Forgotten Realms, kuihamisha Arvandor kwa kuuamini Mti kwa kizazi kimoja na Bahari kwa kizazi kingine?

#8 Mlinzi wa Lango

Nashukuru kwa michango. Hoja ya Kijana imenigusa, ila nina swali juu yake. Miungu ya kielfi inaabudiwa katika dunia nyingi, si Toril, dunia ya Forgotten Realms, peke yake. Oerth, dunia ya vitabu vya Greyhawk, ina elfi wanaomwabudu Corellon huyohuyo. Kama imani ya watu wa Toril iliihamishia Arvandor kwenye Mti, elfi wa Oerth waliokufa mwaka ule walikwenda wapi? Ama Arvandor ni mbili, ama imani ya wengi inaishinda ya wachache, na katika hali zote mbili mtu fulani anafika asikokutarajia.

#9 Nahodha Bila Bahari

Habari zenu. Naona mnazungumzia sana vituo na kuzisahau njia, wakati njia ndizo zilizobadilika kwa namna inayoonekana kwenye kikao cha mchezo.

Zamani kulikuwa na mgawanyo ulio wazi. Ethereal ilikuunganisha na malimwengu ya ndani, yaani ya moto, maji, hewa, ardhi na nishati mbili. Astral ilikuunganisha na malimwengu ya nje, ya miungu na roho. Msafiri wa Ethereal alipita ukungu mpaka akaliona pazia la rangi la ulimwengu anaoutaka. Msafiri wa Astral aliuacha mwili wake nyuma, akafuatwa na uzi wa fedha ulioshikamana naye, na akatafuta dimbwi la rangi. Uzi ule ukikatwa, amekufa pande zote mbili, na ndiyo maana panga za fedha za githyanki, wapiganaji wakazi wa Astral, zinaogopwa kuliko pumzi ya joka.

Toleo la tatu lilivunja mgawanyo huo. Ethereal ikabanwa iwe jirani wa dunia pekee, na hata malimwengu ya moto na maji yakafikiwa kwa Astral. La tano likairudisha Ethereal ya kina. Kwa hiyo, Mlinzi, muulize mchezaji wako jambo moja: alipokwenda ujanani, alipita Astral? Kama ndiyo, njia ile ipo katika michoro yote mitatu. Astral imebadilishwa mavazi, ikaitwa uwazi, kisha bahari, lakini hakuna toleo lililoiondoa kati ya dunia na makao ya miungu. Hata maiti za miungu waliosahauliwa zingali zinaelea humo.

#10 Binti Shangani

Nahodha kasema vyema, nami niongeze upande wa karibu zaidi, yaani Ethereal ya mpakani. Aliye humo anaiona dunia kwa rangi ya kijivu hadi futi 60, anapita ukutani bila kuguswa, na sisi hatumwoni. Lakini ukuta wa nguvu, ule uchawi wa ngazi ya 5, unamzuia, kwa sababu kanuni zinasema wazi kwamba unaenea hadi Ethereal. Katika kampeni yetu tulimnasa mzimu kwa njia hiyo: alikuwa akikimbia kupitia kuta za mawe za jumba kama vile hazipo, mpaka akajigonga kwenye kitu ambacho wenyeji wa nyumba walikiona kuwa hewa tupu.

Namleta mzimu huyu kwa sababu anaonyesha kuwa malimwengu hayako kando kando kama nyumba za mtaa. Ethereal ya mpakani iko hapahapa. Mchoro wa duara hauwezi kulionyesha hilo, wala mti, wala mhimili.

#11 Msomaji wa Usiku

Wakati mnahangaika na Forgotten Realms, tazameni Eberron ya Keith Baker, iliyotoka 2004. Humo malimwengu kumi na matatu yanaizunguka dunia kama sayari. Ulimwengu ukikaribia, athari zake zinamwagika duniani. Ukiwa mbali, zinakauka. Dal Quor, ulimwengu wa ndoto, ulitupwa nje ya njia yake katika vita vya kale, na tangu hapo haufikiwi kwa mwili, bali kwa usingizi tu. Pia kuna mahali ambapo mguso wa ulimwengu fulani haukomi kamwe. Mji wa Sharn umejengwa juu ya sehemu inayogusana na Syrania, na ndiyo maana minara yake inapanda hadi urefu ambao mawe yenyewe yasingeweza kuubeba, na vyombo vyake vinaruka kwa wepesi. Ukiuondoa mguso ule, mji unaanguka.

Napenda mpangilio huu kwa kuwa swali la malimwengu yameunganaje linamhusu hata mfua nguo wa Sharn. Anaishi ghorofani kwa hisani ya Syrania.

Nao wafu wote wa Eberron, wema kwa waovu, huenda Dolurrh na kufifia humo polepole. Hakuna mzani wa maadili. Fundi Ramani atuambie jedwali lake linaingia wapi hapo.

#12 Ngoma ya Mifupa

Naomba kutoka pembeni kidogo. Kila nikisoma Mlima Celestia wenye matabaka saba, ambao kitabu cha 1978 kiliuita Mbingu Saba, namkumbuka maalimu wa chuoni akitueleza mbingu saba, na Ethereal ya mpakani inanikumbusha barzakhi. Kuna yeyote aliyejaribu kuunda malimwengu ya mchezo kwa mkondo huo?

#13 Kete Ishirini

Mbingu saba zimo katika mapokeo mengi ya Mashariki ya Kati, kwa hiyo ukaribu unaouona una asili ya kweli. Hata hivyo, barzakhi ni kizuizi ambacho wafu hawakirudii nyuma, wakati Ethereal ya mpakani kila mchawi wa ngazi ya wastani anaingia na kutoka. Nisingezichanganya. Mezani kwetu tulikubaliana kutoingiza dini za wachezaji wenyewe, na nadhani waandishi wa 1994 walipoondoa majina kama Nirvana na Olympus walikuwa na busara inayofanana na hiyo. Turudi kwenye mada.

#14 Fundi Ramani

Namjibu Msomaji. Eberron haipingi hoja yangu, inaithibitisha. Muundaji wake alipunguza uzito wa maadili katika ulimwengu wake, na papo hapo hakuhitaji gurudumu. Alihitaji misimu, akachora mizunguko. Umbo la malimwengu hufuata kile ambacho kanuni zinakipima.

Tazama pia malimwengu ya ndani ya Planescape. Kulikuwa na manne ya asili na mawili ya nishati, kisha mafundi wakajaza mipaka yote. Hewa na moto zikazaa moshi, moto na ardhi zikazaa magma, ardhi na maji zikazaa tope, maji na hewa zikazaa barafu. Nishati Chanya ikikutana na hewa ni radi, ikikutana na maji ni mvuke, na moto ni mng'ao, na ardhi ni madini. Nishati Hasi ikikutana na hewa ni utupu, na maji ni chumvi, na moto ni majivu, na ardhi ni vumbi. Jumla kumi na nane. Ulimwengu mzima wa chumvi upo kwa sababu kisanduku kimoja cha jedwali kilikuwa wazi!

Lakini sisemi hivyo kwa dharau. Chumvi kama mabaki ya maji yaliyonyang'anywa uhai ni wazo zuri mno, na halingepatikana kama mtu asingelifuata jedwali mpaka mwisho.

#15 Nahodha Bila Bahari

Nyongeza ndogo: katika mpangilio wa 2014, mpaka wa moto na hewa si moshi tena, ni majivu. Malimwengu ya nishati nayo hayamo tena ndani ya pete ya asili, yamewekwa nje kama vifuniko viwili vinavyoufunika mpango mzima. Kwa hiyo hata jedwali limeandikwa upya bila misimamo ya maadili kuguswa.

#16 Msomaji wa Usiku

Na kuna kisa kingine kinachomsumbua Fundi. Pathfinder, mchezo mwingine uliotokana na Dungeons & Dragons, katika vitabu vyake vilivyohaririwa upya kuanzia 2023, imefuta kabisa misimamo tisa ya maadili. Kwa hoja ya bandiko namba 3, malimwengu yake ya nje yangeporomoka. Hayakuporomoka. Mbingu ipo, Jehanamu ipo, Maelstrom ipo, na Pharasma, mungu wa kifo, bado anazihukumu roho kwenye makaburi yake juu ya nguzo. Abyss imebadilishwa jina tu. Jedwali limeondolewa na nyumba imesimama.

#17 Fundi Ramani

Imesimama kwa sababu Pathfinder haikuwa na gurudumu tangu awali. Ina tufe ndani ya tufe: malimwengu ya ndani yamezungukwa na Astral, na ya nje yakawa ganda lake. Katika ganda hakuna anayehitaji jirani wa kushoto na wa kulia kwa mpangilio maalumu. Nasisitiza kwamba kilichotegemea maadili ni mfuatano wa viti kwenye duara. Kuwepo kwa viti vyenyewe ni jambo jingine.

#18 Kijana wa Sigil

Hapo ndipo ninapotofautiana nawe, Fundi, kwa sababu mfuatano huo unatembelewa kwa miguu. Modroni, wale viumbe wa Mechanus wenye maumbo ya kijiometri, hufanya Maandamano Makuu kila miaka 289, yaani mizunguko 17 ya miaka 17. Hutoka kupitia Automata kwa maelfu, wakaambaa mji kwa mji wa malango kuizunguka pete yote, wakapita katika malimwengu ya nje, na wachache waliosalia wakarudi kwao. Mto Styx nao unayaunganisha malimwengu ya chini, na mtu aliyeyagusa maji yake husahau mambo yake. Jedwali halina mto. Jedwali halikanyagiki.

#19 Binti Shangani

Umetaja wasafiri ambao ni utaratibu wenyewe uliopata miguu. Kama imani inaamua mahali, kama ulivyosema katika bandiko namba 7, basi modroni wanaipata pete kwa kuwa hawawezi kuiwaza Outlands kwa namna nyingine. Waslaadi, viumbe wa vurugu wa Limbo, wakifanya safari ileile, nani anajua watakutana na miji kwa mfuatano upi? Hata msafiri wa kawaida wa Outlands anaambiwa kuwa safari baina ya miji miwili jirani haina muda wa kutegemewa. Kadhalika nguzo ya katikati inasemwa kuwa haina mwisho wa urefu, na bado Sigil inaonekana ikielea kileleni. Hayo si maelezo ya mahali pa kupimwa kwa kamba.

#20 Mlinzi wa Lango

Ninaendelea kuliamini Gurudumu, ila nimepata cha kufanya mezani. Kikao kijacho elfi atakwenda kwa Astral, kama Nahodha alivyoshauri, na fimbo yake ya ujanani. Lakini fimbo ile ilifuliwa na kulinganishwa na Arvandor ya kabla ya Tauni. Kama Binti yuko sahihi, itafanya kazi bila tatizo. Kama Ngoma yuko sahihi, mlio wake utakuwa umepotoka, na itabidi ilinganishwe upya na mtu aliyetoka huko hivi karibuni. Nitaitumia njia ya Ngoma, maana inampa mchezaji kazi ya kumtafuta mtu huyo.

Jambo la elfi wa Oerth bado halijajibiwa na yeyote.

#21 Ngoma ya Mifupa

Nakushukuru kwa kuichagua njia yangu. Kuhusu elfi wa Oerth, jibu langu ni kwamba Arvandor ni moja na milango ni mingi. Tauni ilivunja mlango wa Toril, si nyumba. Watu wa Toril walijenga mlango mwingine, wakauchora upande walioujenga.

#22 Kete Ishirini

Basi ni kusema kwamba kilichobadilika ni Toril peke yake. Sasa nieleze Greyhawk. Manual of the Planes ya toleo la nne, ya 2008, haikuwa kitabu cha Toril, na iliuweka Mhimili kuwa mpango wa dunia zote. Abyss ilishushwa hadi kwenye sakafu ya Vurugu ya Asili, ikapewa chanzo kipya cha mungu Tharizdun aliyepanda mbegu ya uovu, na Jehanamu Tisa ikabaki juu katika Bahari ya Astral. Vita vya Damu kati ya pande hizo mbili, vilivyokuwa vikipiganwa kwenye mabonde ya malimwengu ya chini kando ya Styx, sasa vingehitaji majeshi yavuke mpango mzima kutoka juu hadi chini. Huo si mlango uliohamishwa. Mashetani wenyewe walipoteza uwanja wa vita.

#23 Kijana wa Sigil

Na modroni? Kwa miaka sita ya vitabu hapakuwa na pete ya kuizunguka, wala miji kumi na sita kwa mfuatano wake. Mwenye toleo la nne kamili atuangalizie kama kuna popote walipopangiwa njia nyingine ya kupita.